Wino wa muhuri haukauki kwenye kadi zangu: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Buswelu, hapa Mwanza. Natengeneza kadi za salamu kwa mkono: za Idi, Krismasi, mahafali na siku ya kuzaliwa. Fundi wa mihuri mjini alinitengenezea mihuri mitatu ya picha, yaani mtumbwi, samaki na ua. Natumia pedi za wino za ofisini, ya zambarau na nyeusi, na karatasi ngumu ya kung'aa, ile wanayochapia kadi za harusi. Picha inatoka vizuri, lakini hata kesho yake ukipitisha kidole wino unapaka. Muhuri mkubwa nao unaacha weupe katikati. Nina kadi kama 60 zimeharibika. Rafiki yangu ananishauri niagize wino wa nje, ila bei yake inatisha. Pia nataka kuongeza mihuri. Nimpelekee fundi picha za namna gani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Badilisha karatasi kabla hujagusa akiba yako kuagiza wino. Pedi yako ni nzima na karatasi yako ni nzima. Hivyo viwili havipatani tu, na hata ungekuwa na mkono wa dhahabu usingevipatanisha.

Wino wa pedi ya ofisini umetengenezwa makusudi usikauke. Karani anaifungua pedi asubuhi, inakaa wazi mezani hadi jioni, na bado anataka muhuri utoke vizuri. Kwa hiyo viwandani huchanganya rangi na maji pamoja na glisirini, au vimiminika vya ukoo wake, ambavyo havipai hewani kirahisi. Ukigonga muhuri kwenye karatasi ya kawaida, wino unanywewa na nyuzi za karatasi, na baada ya muda mfupi juu hakuna kitu cha kupaka. Huko ndiko "kukauka" kwake. Karatasi yako ya kung'aa imepakwa tabaka laini la unga mweupe kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa, na tabaka hilo ndilo linaloziba njia. Wino unabaki juu unasubiri kidole.

Kuna na jambo la pili ambalo sisi wa ziwani linatuhusu zaidi. Glisirini huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana watu wanaipaka ngozi isikauke. Masika yakishika, mwezi wa nne, na wewe umeziacha kadi mezani dirisha likiwa wazi usiku kucha, wino uliokuwa umeanza kushika unalainika upya. Ukiona kadi ya jana ilikuwa nafuu jioni kuliko asubuhi hii, hujarogwa.

Jipime kabla ya kununua karatasi yoyote. Muombe mwenye steshenari kipande kidogo, dondoshea tone moja la maji, uhesabu taratibu mpaka 60. Tone likibaki limesimama kama ushanga, hiyo haifai kwa wino wa pedi. Likitandaa na kuacha baka lililolowa, hiyo ni rafiki yako. Likizama papo hapo na kusambaa kingo zake kama mizizi, karatasi inakunywa kupita kiasi: wino hautapaka, lakini mistari myembamba ya picha itavimba.

Kwa bei na upatikanaji, manila ndiyo mwanzo mzuri. Chagua nyeupe au ya rangi hafifu, na uiangalie unene. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, na kadi ya uzito huo inalala chini badala ya kusimama. Tafuta ya kuanzia gramu 200. Ukipata ya 250 isiyong'aa, usisumbuke kutafuta nyingine. Muuzaji asipojua gramu, kunja pembe kidogo, iachie: inayorudi yenyewe kwa nguvu inatosha.

Wino wa zambarau mimi ningeuacha kwa makarani. Rangi yake ni ya aina inayopauka upesi ikipigwa na mwanga, na mtu anayepewa kadi nzuri huiweka juu ya kabati la vyombo sebuleni, mwanga ukiigonga kila siku. Nyeusi huvumilia zaidi, ingawa na zenyewe hazilingani. Gonga muhuri kwenye kipande cha manila, funika nusu ya picha kwa karatasi nene, kibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua. Baada ya wiki kadhaa fungua ulinganishe nusu mbili. Hapo utajua unamuuzia mteja nini.

Sasa hilo la wino wa nje. Wino wa mihuri una koo mbili kubwa. Upo ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya kimiminika, kama sukari ndani ya chai. Huo ndio wa pedi yako. Unaingia ndani ya karatasi, unashika haraka, lakini mwanga unauchosha, na kwenye karatasi nyeusi hauonekani. Wa pili rangi yake haijayeyuka: ni chembe ndogo sana zinazoelea. Chembe zinabaki juu ya karatasi, kwa hiyo rangi inakuwa nzito, haipauki upesi, na nyeupe au dhahabu inaonekana hata juu ya karatasi ya bluu iliyoiva. Gharama yake ni subira, kwa sababu unachelewa kukauka, na juu ya karatasi ya kung'aa unaweza kuchelewa mno.

Huo wa pili si lazima uvuke bahari. Waendee vijana wanaochapa fulana. Rangi ya kuchapia fulana ya aina ya maji ni wino wa chembe, na juu ya karatasi isiyong'aa inakauka vizuri na haitoki hata ukipitisha kidole chenye maji. Uliza uuziwe kidogo tu, kwenye kopo lako. Lakini sema kwa mdomo wako kwamba unataka ya maji, inayosafishika kwa maji. Ipo nyingine inayofanana nayo, nzito, laini, inang'aa kwenye ndoo. Hiyo ni ya plastiki na haikauki kwa hewa hata ikae mwaka. Inataka joto la nyuzi kama 160 ndipo ishike. Ukiichukua hiyo utaniandikia tena barua hii hii.

Rangi ya fulana haikai kwenye pedi ya kununua, kwa hiyo jitengenezee yako. Chukua kopo bapa lenye kifuniko, la dawa ya viatu linatosha, lioshe mpaka harufu iishe. Kata kipande cha sponji ya godoro kienee ndani, kimo chake kipite kidogo ukingo wa kopo. Kifunike kwa kitambaa cha pamba kilichobana, fulana kuukuu isiyo na nyuzi zinazochomoza. Lowesha kwa maji, kamua kabisa, kisha paka rangi kijiko kimoja na uisukume iingie kwa mgongo wa kijiko. Pedi hii utaitumia siku moja, kisha utaiosha. Muhuri nao uoshe mara tu unapomaliza, kwa sababu rangi hiyo ikikaukia kwenye mifereji ya picha, muhuri umekufa.

Kuagiza kunakuwa na maana unapotaka vitu viwili ambavyo hapa ni vigumu kuiga: dhahabu iliyotulia, na ule unga wa kuinua picha. Unga huo unaunyunyizia juu ya wino wa chembe ukiwa bado mbichi, unakung'uta uliozidi urudi koponi, kisha unaupa joto. Unayeyuka na kuacha mistari iliyoinuka, inayong'aa na isiyopaka hata juu ya karatasi ya kung'aa. Draya ya nywele haifai kwa kazi hii, kwani inapeperusha unga kabla haijauyeyusha. Asiye na kifaa chake hushika kadi kwa koleo na kupitisha mgongo wake, upande usio na picha, karibu na uso wa pasi iliyogeuzwa juu, bila kugusa. Utaona unga mkavu unabadilika ghafla kuwa kioevu, kutoka pembe moja kwenda nyingine. Ondoa hapo hapo. Ukiendelea kuchoma, unga unazama ndani ya karatasi na mng'ao unakwisha. Kopo dogo la unga linafanya kadi nyingi mno, kwa hiyo ukitaka kuagiza, anza na hilo na pedi moja tu ya chembe. Kununua rangi 12 kwa mkupuo ni kujaza droo.

Weupe wa katikati hauna siri kubwa. Muhuri mkubwa ukigongwa juu ya meza ngumu hauwezi kugusa kila mahali, kwa sababu meza ina bonde, kibao cha muhuri kina kilima, na mkono wako unaegemea upande mmoja. Weka magazeti mawili matatu yaliyokunjwa chini ya kadi, au kipande cha sponji nyembamba, picha itajaa. Usiuzamishe muhuri kwenye pedi. Ugeuze mpira ukutazame, shika pedi kwa mkono mwingine, uigonge juu ya mpira kidogo kidogo mpaka uone picha yote imelowa sawasawa. Halafu ugonge kwenye kadi, mikono miwili, kandamiza katikati kisha pembe zote, uinue wima. Tabia ya kuubembeza muhuri mbele na nyuma ndiyo inayochapa kingo za kibao pembeni mwa picha. Na kama muhuri ni mpya na wino unajikusanya matone matone juu yake, usugue uso wake taratibu kwa ufutio wa penseli au msasa laini kabisa, mara chache tu, kuondoa utelezi wa kiwandani.

Kusafisha ni maji na sabuni kidogo, kwa kitambaa au mswaki laini. Nawajua watu wanaosafisha mihuri kwa petroli au mafuta ya taa, kisha wanamlaumu fundi mpira ukivimba. Mpira wa asili unavimba ukinywa mafuta, na picha haitarudi ilivyokuwa. Tina ya rangi za mbao nayo hivyo hivyo, na mihuri ya plastiki inayopitisha mwanga inaharibika nayo vibaya zaidi.

Tuje kwa fundi na picha. Mpelekee mchoro mweusi juu ya karatasi nyeupe, usio na kivuli cha kijivu hata kidogo, kwa sababu muhuri unajua mambo mawili tu: kugusa na kutogusa. Picha ya simu uliyoipiga pale Kamanga, Jiwe la Bismarck na mawingu nyuma, itarudi kwako kama doa. Mistari iwe minene, nusu milimita kwenda juu, na nafasi kati ya mistari iwe pana kuliko unavyofikiri, maana wino unakula pembeni. Ukubwa wa sentimita nne hadi sita unatosha kwa kadi. Epuka ile mihuri ya kubonyeza inayojipaka wino yenyewe. Ni ya anwani na saini. Kwa picha chukua ya kibao au ya mpini. Na kitu kimoja kisiingie kwenye kadi zako hata mteja akikuomba: ngao ya taifa. Matumizi yake yana sheria, na fundi makini atakukatalia mlangoni.

Kwenye samaki nitakukalisha kidogo, kwa sababu unauza kadi Mwanza. Watu wa hapa wanamjua samaki kuliko unavyodhani, na samaki wa katuni mwenye mkia uliopasuka kama mkasi watamcheka. Sangara mkia wake ni wa duara, paji la uso limebonyea kabla ya mgongo kupanda, na pezi la mgongoni limegawanyika mara mbili, la mbele likiwa na miiba. Sato ni mpana, mfupi, pezi lake la mgongoni ni moja refu lisilokatika, na ubavuni ana michirizi ya wima. Nenda mwalo wa Kirumba asubuhi na penseli, simama mbele ya beseni moja, chora mgongo tu na mkia. Magamba yaache, kwenye muhuri wa sentimita tano magamba yanageuka tope.

Lakini mihuri yote usimpe fundi. Ya vitu vyepesi jichongee. Ufutio mkubwa mweupe wa shule unachongeka vizuri kwa kisu cha karatasi chenye ncha mpya, na ndala iliyokatika ina sponji inayofaa kwa maumbo makubwa. Chora picha kwa penseli laini kwenye karatasi, igeuze uso chini juu ya ufutio, isugue mgongoni kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukichapa utarudi kama ulivyouchora, maandishi pia. Ukikata, laza kisu ili ukuta wa mstari uwe na mteremko kwenda nje, chini pana kuliko juu. Ukikata ukuta kwa ndani, mstari unaning'inia hewani na utakatika kabla hujafika kadi ya kumi.

Badala ya kuchonga mandhari nzima, chonga mawe. Mwanza yote ni mawe. Kata maumbo matatu ya mviringo usio kamili kutoka kwenye ndala, moja kubwa, moja la wastani, moja dogo, na uyagonge kwa kijivu yakipandana, dogo likining'inia juu ya kubwa kama yalivyo kule milimani. Kwa vipande hivyo vitatu utapata kilima tofauti kwa kila kadi, na hakuna mteja atakayepata sawa na ya jirani. Kuchakaza uso wa jiwe ni rahisi: kabla ya kugonga, gusa muhuri uliolowa wino kwa karatasi iliyofinyangwa, itanyonya wino hapa na pale.

Mtumbwi wako, ule wa fundi, una kazi nyingine ambayo nadhani hujaijaribu, na hapa ile karatasi ya kung'aa inayokusumbua ndiyo inayotakiwa. Gonga mtumbwi katikati ya kadi ya manila. Sasa gonga mtumbwi huo huo kwenye kipande cha karatasi ya kung'aa. Hauingii ndani, si ndiyo? Vizuri. Kabla ya dakika kupita, kigeuze kipande hicho uso chini, ukielekeze ili mtumbwi uwe kichwa chini na tumbo lake likutane na tumbo la mtumbwi wa kwanza, usugue mgongoni kwa kidole bila kusogeza. Ukiinua, chini ya mtumbwi kuna kivuli chake majini, kimepooza kuliko wenyewe, kimegeuka sawasawa kabisa. Pitisha kona ya ufutio mara mbili tatu kwa mlalo katikati ya kivuli, kufanya mawimbi. Ukiwa na wasiwasi wa kulenga, weka alama ndogo ya penseli ya mwanzo na mwisho wa mtumbwi kwenye kadi, na alama kama hizo nyuma ya kipande chako.

Ukitaka mawe yaonekane nyuma ya mtumbwi, kilicho mbele kinagongwa kwanza. Gonga mtumbwi kwenye kadi, halafu gonga mwingine kwenye karatasi nyembamba na uukate kwa mkasi, ukipita ndani kidogo ya mstari wa nje. Subiri wa kwenye kadi ukauke, ufunike kwa huo uliokatwa, gonga mawe juu ya vyote viwili, kisha ondoa kifuniko. Ukikata nje ya mstari utabaki na ukanda mweupe kuuzunguka mtumbwi, na jicho linauona mara moja.

Na kwa karatasi nyeusi au ya bluu iliyoiva, ile rangi ya fulana ya dhahabu au ya njano: mitumbwi midogo miwili ya dagaa usiku wa giza, na taa zake umezigonga kwa kichwa cha njiti ya kiberiti isiyowashwa, nukta moja juu ya kila mtumbwi na nukta ndogo ndogo chini yake zikishuka majini. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola, lakini mwambie mteja wa umri wangu kwamba ni karabai, atanunua.

Ukitaka kupaka rangi ndani ya picha, usitumie rangi za maji juu ya wino wa pedi. Nyeusi itavuja na kuchafua kila kitu. Tumia penseli za rangi, au gonga kwa rangi ya fulana na uache ikauke kabisa.

Kukunja nako kuna adabu yake, ila ni fupi. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopindika kwa ulaini ndio wa kukunjia. Ukikunja kinyume, manila nene inapasuka mgongoni. Kabla ya kukunja, chora mfereji kwa rula na kalamu ya wino iliyokwisha. A4 moja ukiikata katikati unapata vipande viwili vya A5, na kila kimoja ukikikunja unapata kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya milimita 114 kwa 162. Nunua bahasha kwanza, ndipo ukate kadi. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanahangaika kushona bahasha za khaki usiku wa kuamkia sikukuu.

Wengine watakwambia kuhusu karatasi ya magugu maji. Kisumu wako wanaotengeneza karatasi na kadi kwa magugu hayo, na ni kazi nzuri kwa macho. Kwa mihuri, hata hivyo, ni ngumu: uso wake una makovu na unakunywa wino kupita kiasi. Kama utaipata, ipake uji mwepesi sana wa wanga, uache ukauke chini ya uzito, na utumie mihuri ya maumbo makubwa. Mimi ningeitumia kama pambo: kipande kilichochanwa kwa mkono, kimebandikwa juu ya manila, na muhuri umegongwa pembeni yake.

Zile kadi 60 hazitapona zote. Chagua ambazo hazijapakwa. Laza juu yake karatasi ya gazeti lisilochapwa au tishu, kandamiza kwa kiganja bila kusugua, inua. Rudia mpaka tishu itoke safi. Kisha pakaza poda ya mtoto kwa brashi laini au pamba, iache kwa usiku mmoja, uipukute. Poda inakunywa mabaki na kuondoa kunata. Usizipulizie dawa ya nywele kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Ina spiriti ndani, na spiriti itayeyusha wino huo. Weka karatasi nyembamba ndani ya bahasha juu ya picha, na uziuze kwa mtu wa kukabidhi mkono kwa mkono, zisisafiri. Zilizopakwa kata sehemu safi, ubandike juu ya kadi mpya za manila kama dirisha.

Kuhusu soko hukuuliza, lakini kwa hali ya sasa ningekuepusha na kadi za mchango wa harusi. Hizo zimehamia WhatsApp na hazirudi. Kadi ya mkono inaishi pale mtu anapotaka kukabidhi kitu: mahafali ya kidato cha nne, ambayo hupamba moto kabla ya mitihani ya Novemba, ubatizo na kipaimara, mwalimu anayestaafu, mgonjwa aliyelazwa Bugando. Kwa Idi, weka akilini kwamba kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11, kwa hiyo usikariri mwezi wa kuanza kazi. Hesabu kutoka mwandamo. Na kwa wateja wa Idi acha samaki na ndege pembeni, wapo wasiopenda viumbe kwenye kadi ya sikukuu. Hilali, dele la kahawa na tende vinatosha, na vyote vitatu unaweza kujichongea kwenye ufutio mmoja ulioukata vipande.